Utaratibu Namba Saba: Kuni za Msiba

Siku mliponiaga mlinipa kitenge, blanketi na saa ya ukutani. Kwa kitenge na blanketi nashukuru sana. Saa ndiyo sijaielewa. Miaka yote mlilalamika kwamba mama huyu ana haraka, leo amestaafu ndiyo mnampa cha kumwonyesha muda? Haya, nimeitundika sebuleni, inanitazama nikinywa chai.

Kilichoninyima raha siku ile ni swali la Rehema, dada aliyekalia kiti changu. Alinivuta pembeni, soda bado iko mkononi, akasema, "Mama, kwenye kitabu chetu cha mazingira kuna Utaratibu Namba Saba. Nimeulizia viwanda vingine, hakuna chenye kitu kama hicho. Wageni wanashangaa. Naomba tuufute, tubaki na zile za maana." Nikamwambia nitamjibu. Rehema, jibu lenyewe refu, ndiyo maana nimenunua daftari. Na wengine someni, msije mkaniuliza mmoja mmoja.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Cheo changu cha mwisho kilikuwa kirefu kuliko mshahara wake, na hilo linatosha.

Niliingia kiwandani kuwa karani wa masijala, kiwanda kikiwa bado mali ya umma. Siku ya kwanza nilikabidhiwa rula, chupa ya gundi iliyokauka na stuli yenye miguu mitatu na nusu. Kazi ya kiwanda mnaijua, lakini nitaisema kwa ajili ya wajukuu watakaookota daftari hili. Milingoti, yaani mikaratusi, inakatwa Kifanya na kwingineko, inaletwa Makambako, inamenywa magome, inaanikwa mpaka ikauke. Kisha inasukumwa ndani ya tangi refu la chuma, mlango unafungwa, na dawa ya kijani inashindiliwa kwa nguvu ndani ya mti. Inatoka nguzo ya umeme ambayo mchwa hana hamu nayo. Dawa ile ilikuwa na shaba, kromu na aseniki. Aseniki ni sumu. Nalisema mapema ili msije mkadai hamkuambiwa, maana sisi hatukuambiwa.

Ikaja miaka ya ubinafsishaji. Kiwanda kikauzwa, jina likabadilishwa getini, watu wengi wakapunguzwa. Mimi nilibaki, na msidhani ni kwa akili. Nilibaki kwa sababu hati ya kiwanja ilikuwa imepotea na ni mimi peke yangu niliyejua iko kwenye faili gani. Nilipoulizwa nilijibu polepole sana.

Meneja mpya alikuwa Mtanzania aliyesoma nje, mtu wa tai hata siku ya vumbi. Asubuhi moja aliniita, akaniwekea mezani kitabu kinene cha Kiingereza.

"Mteja wetu mkubwa wa nje anataka tuwe na cheti cha mazingira cha kimataifa," alisema. "Bila cheti hanunui. Asiponunua, zamu moja nzima inakwenda nyumbani. Wewe unajua karatasi. Kuanzia leo, wewe ndiye mazingira."

"Mimi, bosi?"

"Wewe. Mkaguzi anakuja kabla mwaka haujaisha."

Nilitoka mle ndani na kile kitabu kwapani. Zamu nzima! Watu niliokula nao ugali, niliowajua watoto wao kwa majina. Basi nikafanya kile ambacho Mtanzania yeyote wa wakati ule angefanya akiambiwa neno mazingira: nikahimiza usafi. Tukafagia, tukapaka mawe chokaa nyeupe kutoka getini hadi ofisini, tukapanda maua, tukaandika kibao USITUPE TAKATAKA HOVYO. Mbuzi wa jirani wakaingia wakala maua yote siku ya tatu. Meneja akasifu mawe.

Aliyenitoa ujinga ni Mzee Shabani. Alikuwa fundi mkuu wa tangi, Mnyamwezi wa Tabora aliyefika Makambako enzi za kujenga reli, akaoa, akabaki. Kofia yake ya kiua ilikuwa na madoa ya kijani yasiyotoka kwa sabuni yoyote. Nilimfuata na kalamu na fomu mpya, nikamwamkia, nikamuuliza mtambo wake una athari gani kwa mazingira. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu vyangu vya kisigino.

"Mama Karatasi," akasema, na jina likanikwama mpaka leo, "rudi ukachukue mabuti. Mvua ikinyesha, njoo."

Ikanyesha siku ya pili yake. Nikaja na mabuti ya kaka yangu, makubwa, nikayajaza matambara. Mzee Shabani akanipeleka mlango wa tangi, nguzo zikiwa zimetoka tu, zinachuruzika. "Sasa fuata maji," akasema. "Usiulize mtu, fuata maji." Tukafuata. Matone ya kijani yakaingia kwenye maji ya mvua, maji yakapita chini ya fensi, yakashuka mtaroni, mtaro ukapinda nyuma ya nyumba za watu, ukaishia kwenye bustani za mchicha za kina mama wa pale chini. Mchicha ule nilikuwa naununua. Nilisimama pale nimelowa, nikamwambia, "Mzee, mbona hukusema siku zote?" Akajibu, "Nani aliniuliza? Walikuwa wanauliza nguzo ngapi."

Jioni ile ndipo nilipokielewa kile kitabu kinene. Ukikipepeta, kinabaki na maneno machache: jua unachoharibu, andika utakavyokizuia, fanya ulichoandika, rudi ukague, ukikuta umekosea rekebisha, halafu anza upya. Mengine ni makapi ya wataalamu. Tukajenga sakafu ya zege ya kuchuruzishia nguzo, yenye kingo, na shimo la kurudisha dawa tangini. Kina mama tukawaambia ukweli, mchicha ule ukang'olewa, wakapewa sehemu nyingine ya kulima upande wa juu wa mto, maji yale yasikofika. Waliniita majina mabaya kwa miezi miwili na walikuwa na haki.

Zana zangu zilikuwa mabuti, chupa za kioo za kuchotea maji, daftari la jalada gumu, na panga. Panga alinifundisha Mzee. Nguzo ikikaa mvuani na juani, kijani cha nje kinafifia, usiweze kujua kwa macho kama mti umetiwa dawa. "Kata kipande chembamba kwenye ncha," alisema. "Mti haujui kusema uongo ukiukata." Ukikata, kama una dawa utaona ukingo wa kijani kuzunguka kiini. Kama hauna, ni mweupe kotekote. Jifunzeni hilo kabla ya kompyuta.

Sasa nije kwenye kuni.

Watu wa pwani wakisikia habari za baridi ya kwetu wanadhani tunatia chumvi. Waje Juni au Julai, wakae msibani nje, chini, kwenye majani yenye umande ulioganda. Msiba bila moto huku ni adhabu kwa walio hai. Zamani za kiwanda cha umma, mfanyakazi mwenzetu alifiwa na mtoto mwezi wa Julai na kiwanda hakikuwa na chochote cha kumpa. Mzee Shabani akapakia lori vipande vya nguzo, vile vinavyobaki nguzo ikikatwa kwa urefu anaoutaka mteja, akavipeleka mwenyewe. Moto ukawaka siku tatu. Tangu hapo ikawa desturi. Yeyote wa kiwandani akifiwa, lori la kuni linafika kabla ya mchungaji au shehe. Mtaani walisema ukifanya kazi kwenye nguzo, wafiwa wako hawataganda. Katika kila alichofanya kiwandani, Mzee alijivunia hilo kuliko lingine lolote, na hata wawekezaji walipokuja na kufuta mengi, hilo hawakuligusa.

Mwaka ule wa cheti, baba yangu mdogo akafariki Kifanya. Fomu ya kuomba lori niliijaza mwenyewe, kwa mwandiko wangu mzuri wa masijala. Lori likafika limejaa. Mzee Shabani akashuka nalo, akawapita wazee wa Kibena mmoja mmoja akiwasalimu kwa lugha yao, "Kamwene, kamwene", kwa lafudhi yake ya Tabora mpaka waliokuwa wanalia wakatabasamu. Mchungaji akatushukuru hadharani. Mama mdogo, mjane, alinishika mkono akasema, "Mwanangu, umetuheshimisha." Watoto walikohoa sana karibu na ule moto, na macho ya mama mdogo yalivimba. Tulisema ni moshi na kilio. Nani angesema vingine?

Nikarudi Kifanya siku ya kuanua tanga. Mama mdogo hakunipokea mzigo kama kawaida yake. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti.

"Yule ng'ombe mweusi amekufa," alisema. "Wa maziwa. Na mwingine hasimami vizuri."

"Amekufa na nini?"

"Sijui, mwanangu. Tulizoa majivu ya msiba tukayamwaga pale nyuma. Wakawa wanayalamba. Ng'ombe hupenda majivu, yana chumvi chumvi, siku zote hulamba. Bwana mifugo alipokuja akauliza, mlichoma nini? Nikamwambia kuni. Ningemwambia nini tena?"

Nikazunguka nyuma ya nyumba. Pembeni ya lile lundo la majivu palikuwa na kipande kilichoungua nusu. Nikaomba panga, nikakata ncha isiyoungua. Ukingo wa kijani ukanitazama.

Jamani, niseme kweli yangu. Mlangoni mwa stoo ya dawa palibandikwa karatasi za maelekezo, kurasa nane za Kiingereza. Kazi ya kuzitafsiri ilikuwa yangu. Nilikuwa nimefika ukurasa wa nne nikaziacha, kwa sababu Meneja alitaka kwanza Sera ya Mazingira iandikwe vizuri na kuwekwa kwenye fremu. Fremu niliichagua mimi, ya rangi ya dhahabu. Niliporudi kazini kutoka Kifanya nikafungua ukurasa wa sita. Ulisema mti uliotiwa dawa usichomwe kabisa, moshi wake na majivu yake ni sumu. Sentensi moja! Nilijifungia masijala nikalia, na haikuwa huzuni ya ng'ombe, ilikuwa aibu.

Ukaguzi ulikuwa umebaki wiki tatu. Nikaenda kwa Meneja, nikamweleza yote. Alivua tai, kitu ambacho sikuwahi kukiona.

"Kuni za msiba hazimo kwenye kitabu chochote," akasema. "Ni hisani tu, si shughuli ya kiwanda. Zisitolewe tena, kimyakimya, na ukaguzi upite. Ukiliandika hili, cheti hakuna. Cheti hakuna, zamu inaondoka. Unataka hilo?"

"Sitaki, bosi."

"Basi."

Nikatoka nimekubali. Msinifanye shujaa kwenye hotuba zenu, nilikubali. Nikajiambia zamu nzima ya watu walio hai ina uzito kuliko ng'ombe aliyekwisha kufa.

Lakini Mzee Shabani ilibidi aambiwe, maana lori lilikuwa mkononi mwake. Nilimkuta wakati wa chai, kwenye benchi lake karibu na tangi. Nilimweleza polepole, nikamsomea na ukurasa wa sita. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaweka kikombe chini.

"Unataka kuniambia kwamba miaka yote hii nimekuwa nawapelekea wafiwa sumu?"

"Mzee, hukujua. Hatukujua."

"Nimekuuliza swali, Mama Karatasi."

"Ndiyo, Mzee."

"Toka hapa." Na alipoona sijasogea, "Toka! Vikaratasi vyako vimekuja jana, mimi nimeanza kuzika watu wa kiwanda hiki hujazaliwa!" Hapo alikosea hesabu, nilikuwa nimezaliwa na ninasoma darasa la tano, lakini haikuwa siku ya kubishana.

Siku nne hakunisemesha. Alihamishia chai yake upande wa pili wa yadi. Mimi chai yangu ilinishinda. Siku ya tano hakuja kazini, na Mzee Shabani hakuwa mtu wa kukosa kazi. Ya sita pia. Nikaanza kuogopa.

Siku ya saba, lori la kiwanda likarudi likiwa limebeba magunia, na yeye amekaa juu ya magunia. Akashuka, akayaburuta mawili mpaka mlangoni pa masijala, akayafungua. Moja lilikuwa la majivu. Lingine la vipande vya kuni vilivyobaki, kila kimoja kimekatwa ncha, kila kimoja kijani.

"Nimepita kote nilikopeleka tangu baridi ianze," alisema. Sauti yake ilikuwa imekwisha. "Kichiwa, mbuzi wawili. Mjimwema, majivu wamemwagia mboga, nikawaambia wazing'oe. Nyumba nyingine hawana mifugo, wana watoto, nikaulizia kifua, wakaniambia walikohoa wakapona. Kote wamenikaribisha chai, Tumaini. Nimewaambia niliwaletea sumu, na wamenikaribisha chai."

Lilikuwa jina langu, na hakuwahi kulitumia. Akakaa kwenye ile stuli yangu mbovu, akavua kofia, akalia. Nilisimama pale sijui mikono yangu niiweke wapi. Mwisho nikampa kitambaa cha meza.

"Andika," akasema alipojipangusa.

"Meneja amekataza. Zamu itakwenda, Mzee. Na zamu yenyewe ni yako."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tukikaa kimya, majivu yale yatakaa kimya? Mwaka kesho mtu atafiwa, dereva mpya hajui, atapakia. Andika. Usipoandika wewe nitasema mimi, na Kiswahili changu hakina adabu kama chako."

Nikaandika. Nilimpelekea Meneja nakala. Aliisoma, akaniambia nitoke, na hakuniambia niichane. Mpaka leo sijui alikuwa anafikiri nini.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo kutoka Nairobi, mwembamba, mwenye koti zito, kwa hiyo alikuwa ameulizia hali ya hewa. Huyo alinipendeza mapema. Siku ya kwanza alipitia karatasi na kuikagua fremu ya dhahabu kwa sekunde mbili. Siku ya pili akataka kuzunguka. Mbele yetu sote, mimi, Meneja na mafundi, akasimama kando ya msumeno wa kukatia nguzo na kuuliza, "Haya mabaki ya nguzo zilizotiwa dawa huwa yanakwenda wapi?"

Taarifa yangu ilikuwa kwenye faili chini ya kwapa, nikaishikilia hapo hapo. Mzee Shabani akasogea mbele.

"Shikamoo, mama," akasema, ingawa yeye alikuwa mkubwa kwake kwa miaka mingi. Alikuwa amechanganyikiwa. "Yalikwenda misibani. Niliyapeleka mimi. Yameua mifugo. Mwenzangu huyu ameandika kila kitu, na magunia yapo, njoo uone."

Mkaguzi hakuitikia marahaba. "Hiyo naipokea kwa niaba ya cheo," alisema taratibu, "lakini shikamoo ni yako, mzee wangu." Akaenda kuona magunia. Alikaa nayo muda mrefu, akasoma taarifa yangu amesimama. Jioni, kwenye kikao cha kufunga, akatusomea matokeo: kasoro kubwa, cheti hakitolewi. Nilisikia mtu nyuma yangu akivuta pumzi. Kisha akaongeza kwamba hatukukataliwa. Tumepewa miezi ya kurekebisha, atarudi, na mteja ataarifiwa kwamba kasoro ilitajwa na kiwanda chenyewe. "Kasoro ya namba moja ninayoiona viwandani si uchafu," alisema akifunga mkoba. "Ni watu kunionyesha maua." Nilishukuru wale mbuzi.

Meneja alitaka suluhisho la haraka: kuni zifutwe, basi. Mzee Shabani akakataa pale pale kikaoni.

"Msiba wa Julai bila moto, bosi? Watu wagande kwa sababu sisi tulikosea?"

"Sasa unataka nini, Mzee?"

"Tunakata nguzo baada ya dawa. Kwa nini?"

"Kwa sababu oda zinakuja za urefu tofauti."

"Oda ije kwanza. Tukate kabla ya dawa. Kipande kinachobaki kitakuwa mti mtupu, kuni halali. Na nguzo itakuwa nzuri zaidi, maana tukikata baada ya dawa tunafungua kiini na mchwa anakaribishwa. Hamisha msumeno uende upande wa pili wa tangi."

Nilimwangalia yule mtu asiyesoma Kiingereza akieleza kwa sentensi tano kile ambacho kitabu kinakieleza kwa sura mbili. Watu wa mauzo walinuna, wakasema wateja hawatakubali kusubiri. Wateja wakakubali. Msumeno ulihamishwa kwa wiki moja, Mzee akisimamia kila nati. Vipande vya zamani vyenye dawa, na yale magunia, vikafungiwa kwenye chumba cha zege chenye paa na kufuli mpaka wakubwa wa serikali walipotuelekeza pa kuvipeleka. Tukapita tena nyumba zote, safari hii mimi na yeye pamoja, tukazoa majivu na udongo wa juu. Nilimwandikia Meneja barua tatu kuhusu ng'ombe wa mama mdogo. Ya tatu alijibu kwa mtamba mzuri wa maziwa. Mama mdogo akampa jina Cheti. Yule Cheti alipata jina kabla sisi hatujapata chetu.

Mkaguzi alirudi, akatembea na panga letu mkononi akikata ncha za vipande mwenyewe, akatupitisha. Siku karatasi ilipofika, zamu ya Mzee Shabani ilipiga makofi kwenye mabati mpaka jirani akatuma mtu kuuliza nani ameoa. Hakuna aliyekwenda nyumbani.

Utaratibu Namba Saba tuliuandika mimi na Mzee, kwenye lile benchi lake. Unasema kuni za msiba zitakatwa kabla ya mti kutiwa dawa. Unasema kabla lori halijashusha, vipande vitakatwa ncha kwa panga mbele ya mfiwa au mtu aliyemteua. Kikionekana kijani, lori lirudi. Ikiwa nyeupe, mfiwa atasaini, ndipo zishushwe. Mimi nilitaka asaini dereva, iwe rahisi. Mzee akakataa. "Sisi tulishajiamini mara moja," alisema. "Sasa aamue anayekwenda kukaa kwenye moshi."

Rehema, hilo ndilo jibu la ofisini. Kama linatosha kufuta, futa, kiti ni chako. Lakini la nyumbani pia unastahili kulisikia.

Mzee Shabani alistaafu kabla yangu. Alikuwa akija getini siku za soko kuniuliza kama bado nafuata maji. Alifariki mwezi wa Julai, akazikwa siku hiyo hiyo, kama ilivyo kwao. Tuliporudi kutoka makaburini upepo ulikuwa unakata masikio, waombolezaji wamejikunyata kwenye mikeka, wengi wao wa ile zamu. Lori likaingia. Dereva alikuwa mgeni, hakumjua marehemu. Alinitambua, akashusha kioo. "Mama, si sote hapa ni wa kiwanda? Nishushe tu, watu wanaganda."

Kabla sijajibu, binti wa marehemu akatoka ndani kwa mjane, ameshika panga la baba yake. "Mama anasema mfiwa ni yeye, na mkaguzi ni Mama Karatasi," akaniambia. "Mzee alishaagiza."

Nikapanda kwenye lori na kitenge changu cha msibani. Nikakata ncha ya kwanza. Nyeupe. Nikakata kutoka chini ya rundo. Nyeupe. Nikakata kila upande, watu wote wakisubiri, wala hakuna hata mmoja aliyeniambia harakisha. Nyeupe kotekote, inanukia mlingoti mtupu. Dereva akanipa fomu, nikaiweka juu ya kipande cha mti, nikasaini pale palipoandikwa mfiwa au aliyemteua. Machozi yaliangukia karatasi na sikuyafuta.

Kisha nikawaambia, "Shusheni."